Walimu watatu wa mafunzo wanakuja kukaa kwangu Pangani, naombeni ushauri

Habarini wanajamvi, wakubwa shikamooni.

Mimi ni Mkenya wa Kisumu, nafundisha hisabati na fizikia kwa kujitolea kwenye sekondari moja huku Pangani, Tanzania. Shirika lililonileta limeniomba nikae wiki nzima na walimu wapya watatu walio mafunzoni, waone maisha yalivyo kabla ya kupangiwa vituo. Wawili Waingereza, mmoja Mganda. Kiswahili chao bado ni cha salamu.

Nimefurahi sana, maana mimi nilipokelewa vizuri na nataka na wao waonje hivyo. Magodoro nimeazima, vyandarua vipo, maji nitajaza kwenye madiaba. Yanayonikosesha usingizi ni mawili.

Jirani yangu, mama mtu mzima anayenichukulia kama mwanawe, keshatangaza kwamba chakula cha jioni ni kwake siku zote. Wali wa nazi, samaki, mboga, na yeye anaishi kwa kuuza maandazi! Nikimpa hela nahofia atakasirika. Nikinyamaza namwumiza.

La pili ni darasani. Kidato cha kwanza wametoka shule ya msingi walikosoma kwa Kiswahili, sasa masomo karibu yote ni Kiingereza, na wageni wanatamani kufundisha. Halafu fimbo zipo shuleni kwetu. Wakiona mtoto anachapwa, niwaambie nini?

Binti Pangani
Pole na hongera. Hela mkononi usimpe, atakurudishia. Kabla wageni hawajafika mpelekee mchele, sukari, mafuta na nazi, umwambie, "Mama, wageni ni wetu sote, hivi ni vya jikoni." Hapo hakatai. Asubuhi chai yenu iwe kwa maandazi yake, mlipe bei anayowauzia wengine, hela imwingie bila kumvunjia heshima. Na hao wageni wasikae barazani kama wakwe. Waingie jikoni wakakune nazi, waoshe vyombo. Atawapenda kwa hilo kuliko zawadi yoyote.

Mwalimu Mstaafu, Korogwe
Marahaba mwanangu. Kwa kanuni, anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Fimbo zisizidi nne, na adhabu iandikwe kitabuni. Waeleze hayo usiku wa kwanza, wasije wakakutana nayo ghafla mstarini. Mgeni asibishane na mwalimu mbele ya wanafunzi wala asipige picha. Lakini akiona mtoto kaumizwa, msinyamaze, nendeni wote kwa mkuu ofisini. Wewe endelea kufundisha bila fimbo, waone kwamba darasa linatulia. Na usisahau kuwapeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji na barua ya shirika, mapema.

Kijana wa Muheza
Mimi nimefundishwa na mwalimu wa kujitolea nikiwa kidato cha kwanza. Wiki za mwanzo aliongea haraka, tukawa tunaitikia tu. Tulimwelewa siku aliyoleta tofali na kamba. Akalivuta kwenye sakafu, akatutoa nje tukalivuta kwenye mchanga, kila mmoja akasikia mkononi tofauti yake, ndipo akaandika neno la Kiingereza ubaoni na msuguano pembeni yake. Mpaka leo sijasahau. Wageni wako wakae nyuma kwanza, wanakili daftari kama wanafunzi. Mwisho wa wiki kila mmoja apewe dakika kumi, na kitu cha kushika.

Mpwani Halisi
Naunga mkono, ila msiwachoshe. Jumamosi wapeleke Tongoni wakaone msikiti wa kale na makaburi, au wavuke na kivuko hadi Bweni. Na waambie mkonge wa nchi hii ulianzia hapo hapo Pangani, Kikogwe, mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyopona safari kutoka Florida.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana, wote. Mwalimu, kesho naonana na mkuu wa shule kabla ya mstari, nitaomba pia wanafunzi waambiwe nani anakuja na kwa nini. Kijana, tofali nimelipata. Binti Pangani, wali na mchuzi wa watu sita, ninunue nazi ngapi kwa siku?

Binti Pangani
Tatu. Zikiwa ndogo, nne. Chukua zilizokomaa, zitikise usikie maji.