Nabadilisha paa la nyumba ya kuficha bati: kila duka wananiuliza rangi, hakuna hata mmoja anayeuliza mteremko!

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Nyumba yangu iko Goba, vyumba vitatu, paa la kuficha nyuma ya parapeti, yaani ukuta wa nje unaopanda kulizidi paa. Nilipaua 2019. Fundi aliniambia weka bati za vigae, zile zilizokunjwa mfano wa vigae, ndizo zinazopendeza. Nikatoa hela. Leo ndiyo najiuliza, bati limefichwa nyuma ya ukuta, huo urembo nani anauona?

Masika haya dari ya gypsum ya sebuleni ilibonyea usiku kama tumbo. Nilipanda juu ya meza na kisu nikaitoboa ili isituangukie, yakamwagika maji ya rangi ya chai hadi beseni likajaa, mke wangu akaleta la pili. Watoto walilala kwetu wiki nzima. Na hiyo ni baada ya kulipa watu watatu tofauti kuja kupaka silikoni! Wanapaka, wanapokea hela, mvua ya kwanza ikija wanazima simu.

Wiki iliyopita nikapanda mwenyewe na kijana wa jirani, tukiwa na mpira wa maji wa kupimia usawa na futi. Kutoka juu hadi kwenye gata ni mita 9, na kushuka ni sentimita 45. Huo mteremko haufiki hata nyuzi 3! Bati za vigae zinataka nyuzi 10 kwenda juu. Kwenye paa langu maji hayateremki, yanatambaa. Yanatuama kwenye kila kidato cha kigae, upepo unayasukuma kurudi nyuma, yanapenya pale bati zinapolaliana. Silikoni ingezuia nini hapo? Na paa zima linategemea bomba moja la inchi 3. Majani ya mwembe yakiziba, gata inafurika kuja ndani, maana hakuna hata tundu la dharura kwenye parapeti la kuyatoa nje.

Sasa naenda kununua upya, nakuta yale yale. Maduka manne. "Bosi, unataka maruni au kijivu?" Nikiwaambia nyuzi 3 wananitazama tu. Mmoja akanisukumia geji 32 kwamba ndiyo imara kuliko 28, wakati namba ikipanda bati linakuwa jembamba! Mtu anayeuza bati hajui hilo, au anajua na ananidanganya. Vyote viwili vinaniumiza, kwa sababu hii hela ni ya kuungaunga.

Mwingine akasema mwaga zege juu. Zege la sentimita 15 ni kama kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Nyumba yangu haina nguzo, kuta zilijengwa kubeba kenchi (fremu za mbao za paa) na bati. Hakuuliza chochote kuhusu kuta.

Ninavyoona, parapeti yangu ni kozi 4 za tofali, kama sentimita 90. Nikiinua kenchi upande mmoja hadi kushuka kuwe sentimita 80 napata nyuzi 5 hivi, halafu niweke bati za migongo iliyoinuka juu zilizokatwa kiwandani kwa urefu wote, zisiwe na kiungo katikati. Au nigawe paa mara mbili, mita 4.5 kila upande, kwa kuinuka huko huko nipate nyuzi 10, ila hapo ninakuwa na gata mbili za kusafisha badala ya moja. Naelemea la kwanza. Gata moja tu imenitesa vya kutosha.

Aliyewahi kuishi chini ya bati la nyuzi 5 kwa masika mawili au zaidi, naomba aniambie ukweli, linavuja au halivuji? Na kama kuna fundi aliyewahi kuja kwako na kipimo mkononi kabla ya kutaja bei, nitumie namba yake PM. Wa silikoni sitaki tena kumwona getini kwangu.