Mrejesho: watazamaji wanaotaka kukagua karata

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nifanyeje na watu wanaodai kushika karata katikati ya mazingaombwe, maana pakiti yangu ni Svengali: nusu yake ni karata ile ile moja, fupi kidogo kuliko nyingine. Mtu akiishika tu, kwisha habari.

Aliyesema nianze na pakiti ya kawaida, ubarikiwe sana. Pale Kamanga, Mwanza, abiria wakisubiri kivuko, nawapa karata 52 wazichanganye wenyewe kabla hawajaomba. Wakiridhika namwomba mmoja anishikie boksi. Macho yote yanahamia kwake, mimi nabadilisha pakiti mfukoni. Waliokwisha kukagua huona aibu kuomba tena.

Ushauri wa "ruka haraka mchezo mwingine" umekubali kwa watoto tu. Soko la samaki la Mwaloni Kirumba, jamaa wa dagaa alinidaka mkono: "Weka hapa hapa!" Nikamwambia kaka, hizi ndizo zinanilisha. Watu wakacheka, akaachia, ila pakiti hadi leo inanuka dagaa.

Wa kutumia wepesi wa vidole bila karata za ujanja bado naufanyia mazoezi, ndani, maana upepo wa ziwa hauna adabu. Asanteni sana.