Kuhamisha sinki au kuhamisha jiko la gesi, ipi afadhali?

Kabati_Bovu
Wakuu, habari za Jumapili. Jikoni kwangu ni futi 10 kwa 8. Sinki liko kona ya giza nyuma ya mlango, jiko la gesi la plati nne ukuta wa pili, friji imebanwa katikati. Mmoja akiosha vyombo mwingine hapiti. Nina njia mbili: A, sinki lihamie chini ya dirisha, B, sinki libaki, gesi ndiyo iende dirishani. Kazi nafanya mwenyewe, vifaa nanunua Jumamosi. Ipi bora?

Pimamaji
Mkuu, hujasema kitu bado. Maji machafu yanatokea ukuta upi? Dirisha liko ukuta wa nje au linatazama korido? Nyumba ya chini au ghorofa? Yako au umepanga? Bila hayo tunapiga ramli.

Mama_Sufuria
Mimi sioni tatizo la sinki hapo. Futi 8 ni kama sentimita 244. Toa kaunta mbili za 60, zinabaki 124, na njia ya wapishi wawili haihitaji zaidi ya 120. Kinachoziba ni friji. Isogeze upande wa mlango, iachie sentimita 5 hadi 10 nyuma ipumue, ukae nayo wiki moja. Huenda usivunje hata kigae.

Fundi_Mfereji
B ifute. Gesi chini ya dirisha, upepo unalaza moto pembeni ya sufuria, na siku ukiuzima kabisa gesi inaendelea kutoka. Pazia nalo liko palepale.

Kabati_Bovu
Samahanini. Nyumba yangu, ya chini, dirisha liko ukuta wa nje. Gali trapu, kile kishimo cha kupokea maji machafu, iko nje, kona ya sinki la sasa, mita 3 kutoka dirishani. Kuna fundi kashauri tupasue sakafu tulaze bomba ndani.

Fundi_Mfereji
Usikubali. Bomba la inchi mbili linataka lishuke sentimita 2.5 kila mita, kwa hiyo mita 3 ni sentimita 7.5. Lipu chini ya vigae huwa sentimita 4 au 5, na bomba lenyewe lina kipenyo cha 5. Haliingii, ndiyo maana wengi huishia kulilaza bapa.

Kuna jiko lilifanywa hivyohivyo: bapa, elbo (viungo vya kukunjia bomba) mbili za nyuzi 90 chini ya vigae, pa kuzibulia hamna. Mwanzoni poa. Baadaye maji yakawa yanaondoka kwa kugugumia, kwa sababu mafuta ya kukaangia yakifika kwenye bomba bapa yanapoa, yanaganda, yanakamata punje za wali na majani ya chai. Wakamimina maji ya moto, mafuta yakasogea mbele kidogo yakaganda tena. Wakaingiza waya, ukagota elbo ya kwanza. Wakatia dawa ya kuzibulia, ikageuza mafuta kuwa kama kipande cha sabuni ya mche. Mwisho vigae 11 vikapigwa tindo, na rangi ile dukani haipo tena. Sakafu sasa ina mstari wa vigae vya rangi nyingine kama kiraka cha suruali.

Wewe toboa ukuta wa dirisha, sentimita 45 hivi juu ya sakafu, utoke nje moja kwa moja. Bomba lipite nje ya ukuta likishuka, klipu kila sentimita 80. Penye kukunja tumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90, na kwenye kona weka tii, yaani kiungo cha njia tatu, yenye kifuniko cha kufungua. Lipake rangi, jua hukausha PVC ikawa inavunjika kama biskuti.

Pimamaji
Naongezea maji safi. Bomba la plastiki la PPR la milimita 20, mashine ya kuliunganisha kwa joto nyuzi 260, pasha sekunde 5, sukuma bila kuzungusha. Ukipasha kupita kiasi plastiki inajikunja ndani na kubana tundu. Nje kiungo kizuri, bombani maji yanatoka kama uzi. Kaunta mwaga zege la sentimita 7, nondo za milimita 10, na boksi la tundu la sinki litangulie kabla ya kumwaga. Juu yake vigae.

Mama_Sufuria
Vigae tena? Mistari yake inakunywa manjano, utasugua hadi ukome. Granaiti.

Pimamaji
Granaiti hupasuka mbele ya sinki, pale inapobaki nyembamba. Hasa mtu akiiegemea akiweka pazia.

Mama_Sufuria
Inapasuka ikiwa haina kitu chini. Ilaze juu ya hilohilo zege lako tuone.

Zamu_ya_Usiku
Mtungi wa gesi mbona hamuuzungumzii? Ukikaa ndani ya kabati, kabati litobolewe chini, si juu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni. Mpira usipite nyuma ya oveni, na kila kiungo kipimwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Mama_Sufuria
Kabati_Bovu, ukingo wa chini wa dirisha uko juu kiasi gani? Na linafungukia wapi?

Kabati_Bovu
Nimepima sasa hivi. Sentimita 80 kutoka sakafuni. Linafungukia ndani.

Mama_Sufuria
Haya. Kaunta ni 85 hadi 90. Umeshaziba dirisha, na bomba la sinki litazuia mabawa yasifunguke.

Fundi_Mfereji
Sinki lisogee kando ya dirisha, bomba la maji litokee ukutani pembeni. Au abadilishe dirisha liwe la kuteleza.

Pimamaji
Au kaunta iwe 78.

Mama_Sufuria
78 aoshe nani, mtoto wa darasa la tatu?

Zamu_ya_Usiku
Na jiko la mkaa litakaa wapi? Maharage hapiki kwa gesi huyu.

Kabati_Bovu
Mkaa uko baraza ya nyuma. Ila mvua za masika zinapiga hukohuko, nilitaka niulize pia kuhusu kibanda.

Fundi_Mfereji
Baraza ina upana gani? Na bati litaangalia upande upi?