Deilili nyekundu: maganda yanadondoka na rangi inaungua, naombeni ushauri

MamaBustani
Habari zenu wakuu. Niko Ohio, Marekani, nina bustani ndogo nyuma ya nyumba na ninazipenda mno deilili, haya maua ambayo kila ua linafunguka asubuhi na usiku limeshanyauka, kesho linafunguka jingine kwenye bua lilelile. Mwaka wa tatu huu nahangaika kuzalisha ya kwangu mwenyewe, nyekundu ya kweli, sio damu ya mzee, nataka nyekundu inayowaka kama mkrismasi wa kule nyumbani Desemba.

Ninazo aina mbili nyekundu, Chicago Apache na Pardon Me. Kila siku kabla sijaenda kazini nachukua chavua ya hii napaka kwenye ile, nimeshapaka maua zaidi ya 40 msimu huu, ganda linavimba siku nne tano hivi roho inafurahi, halafu linageuka njano linadondoka. Nikajaribu na ile ya chungwa inayojiotea kando ya barabara, wapi. Halafu kuna miche niliyootesha kwa mbegu za kununua, mama nyekundu baba zambarau, imechanua mwaka huu kwa mara ya kwanza, asubuhi inapendeza ila ikifika saa nane mchana imeungua, ina madoa, rangi kama tope. Nakosea wapi jamani?

Mzee wa Mbegu
Dada pole, mikono yako haina kosa. Chicago Apache ni tetraploidi (tet), yaani ina seti nne za kromosomu, jumla 44. Pardon Me ni diploidi (dip), seti mbili, jumla 22. Hizo mbili haziendani, hata upake mpaka Septemba utabaki kuokota maganda chini. Na ile ya barabarani ina 33, hesabu haigawanyiki, ndio maana haizai mbegu na inaenea kwa mizizi tu. Kabla hujapaka ingia kwenye rejista ya chama cha deilili cha Marekani, American Hemerocallis Society, siku hizi kinajiita American Daylily Society, kila aina iliyosajiliwa imeandikwa ni dip au tet. Pardon Me itafutie Ed Murray, ni diploidi nyekundu iliyokolea inakaribia weusi. Chicago Apache ipe James Marsh, aina nyingine nyekundu, zote tet.

nyuki_wa_asubuhi
Naongezea, joto likipita nyuzi 32 za Selsiasi hivi mbegu nyingi hazishiki, kwahiyo wahi asubuhi umande ukishakauka. Chavua ukiona unachelewa ikaushe uiweke friza, inakaa vizuri. Na funga uzi au lebo hapohapo, jina la mama kwanza la baba baadae, usijiambie utakumbuka, mimi nilipoteza msimu mzima hivyo na mpaka leo kuna mche mzuri sijui wazazi wake.

Bi Kijani
Mwanangu, suala la rangi ndio kubwa kuliko hilo la maganda. Nyekundu ya deilili imekaa juu ya njano, yaani ndani ya petali kuna njano au chungwa halafu ule wekundu umelala juu yake, jua kali na matone ya mvua vinauharibu ule wa juu. Ukichanganya na zambarau unapata hilo tope. Oanisha nyekundu kwa nyekundu, na wazazi wachague kwa macho ya saa kumi jioni, sio ya saa mbili asubuhi. Mimi napiga picha ua lilelile mara mbili kwa siku naziweka pamoja, lililobabuka halipewi mtoto hata liwe na umbo zuri vipi. Na usikate tamaa, nyekundu ilichukua muda hata kwa wakubwa, Stout, mtaalamu wa mimea pale New York Botanical Garden, alifanya kazi miaka mingi na fulva, deilili za porini za kutoka China, mpaka aina yake nyekundu ya Theron ikatoka 1934.

Mzee wa Mbegu
Bi Kijani nakubali, ila hiyo miche asiing'oe mwaka huu. Ua la kwanza linadanganya sana, asubiri mwaka wa pili ndio aamue.

Bi Kijani
Kwenye umbo sawa. Kwenye kuungua na jua mimi sijawahi kuona ulioungua mwaka wa kwanza ukapona wa pili, na nafasi ni ndogo. Ang'oe.

salma_k
Una paka? Deilili zinaua figo za paka, hata kulamba chavua tu. Weka uzio tafadhali.

MamaBustani
Sina paka, asante dada. Jamani nimeangalia rejista ni kweli kabisa, miaka mitatu naoanisha wasiooana! Miche nitaacha miwili tu. Swali la mwisho, mbegu zikipatikana nazihifadhije?

nyuki_wa_asubuhi
Subiri siku 45 mpaka 60, ganda likianza kupasuka juu toa mbegu, zile nyeusi zinazong'aa. Zifunge kwenye tishu yenye unyevu kidogo ndani ya mfuko, friji wiki nne mpaka sita, kisha panda.

MamaBustani
Asanteni sana. Pardon Me imebakiza matumba matatu, na jirani wa mtaa wa nyuma ana Ed Murray, jioni hii naenda kumwomba chavua.