Naomba ushauri: nimtetee vipi Garrison mbele ya Douglass?
Wakuu, habari zenu. Kwenye mdahalo wa klabu yetu ya historia nimepangiwa William Lloyd Garrison, mwenzangu kapewa Frederick Douglass (bahati yake!), wote wawili wapinga utumwa wa Marekani wa karne ya 19. Garrison alianzisha gazeti la The Liberator mwaka 1831, na 1854 akachoma hadharani nakala ya Katiba ya Marekani, akiamini inalinda utumwa. Douglass, aliyetoroka utumwani 1838, alikubaliana naye mpaka 1851, alipotangaza kwamba Katiba hiyohiyo yaweza kutumika kuukomesha. Sasa mtu aliyekuwa mtumwa mwenyewe unambishiaje? Nimefikiria vifungu viwili vya Katiba hiyo: cha kuwarudisha watoro kwa mabwana zao, na cha kuhesabu watumwa watano kama watu watatu katika kugawa viti vya Bunge. Muda ni mfupi, nianze na kipi?