Nimepandisha diski ya mashine pepe hadi GB 60, Ubuntu bado inaonyesha GB 12: naomba ushauri

Mleta mada

Habari za jioni wakuu. Ninasimamia seva ndogo ya duka la vifaa vya ujenzi. Ni mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine) ya VirtualBox yenye Ubuntu Server, na ndani yake kuna programu ya mauzo inayotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Wiki hii programu imeanza kukataa mauzo mapya, ikitoa ujumbe wa «No space left on device». Nilizima mashine, nikatumia amri ya VBoxManage modifymedium kupandisha diski kutoka GB 25 hadi MB 61440, yaani GB 60, na amri ikakubali. Nilipowasha, df -h (amri ya kuangalia nafasi ya diski) ikaonyesha kwamba mzizi wa mfumo, yaani sehemu kuu yenye faili za Ubuntu, bado una GB 12 tu na umejaa kwa asilimia 100. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba hata zile GB 25 za awali sizioni zote. Je, kuna njia ya kulifikia eneo hilo bila kusakinisha upya na kupoteza rekodi za mauzo?

Mchangiaji wa kwanza

Pole mkuu. Hakuna haja ya kusakinisha upya. Tuwekee kwanza matokeo ya lsblk (amri inayoorodhesha diski na sehemu zake), maana bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

Mleta mada

Asante. sda, yaani diski nzima, ni 60G, sda1 ni 1M, sda2 ni 2G na imebeba /boot, sda3 ni 23G, na ndani ya sda3 kuna ubuntu-lv yenye 11.5G.

Mchangiaji wa kwanza

Basi jibu la maswali yako yote mawili limo humo. VirtualBox imepanua diski yenyewe, lakini patisheni (kipande cha diski) ya sda3, LVM iliyo ndani yake (mfumo wa kugawa eneo la diski, ambamo ndimo ilimo ubuntu-lv yenye mzizi) na mfumo wa faili ulio juu ya LVM haviongezeki vyenyewe. Kila tabaka hupanuliwa kwa zamu, kutoka chini kwenda juu. Kuhusu zile GB 25, kisakinishi cha Ubuntu Server, kikikuta eneo la LVM lililo kati ya GB 20 na 200, kwa kawaida huupa mzizi nusu yake na kuiacha nusu nyingine huru. Kwa hiyo ulikuwa na takriban GB 11 zisizotumika hata kabla ya kugusa diski, na amri ya vgs ingekuonyesha hivyo kwenye safu ya VFree.

Zima mashine na unakili faili lote la VDI (ndilo diski ya mashine pepe) kwenye diski ya nje kabla ya jambo lolote. Ukishawasha, punguza mzigo kidogo kwa sudo apt clean na sudo journalctl --vacuum-size=100M, kwa sababu growpart, amri ya kupanua patisheni, huandika faili za muda kwenye /tmp na inaweza kugoma diski ikiwa imejaa kabisa. Kisha fuata mpangilio huu:

sudo growpart /dev/sda 3
sudo pvresize /dev/sda3
sudo lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Kwenye amri ya kwanza kuna nafasi kati ya sda na 3, wengi huiruka. Ile -r ya mwisho hupanua na mfumo wa faili papo hapo, na ext4, aina ya mfumo wa faili, hukubali kupanuliwa huku ikitumika.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na mpangilio huo, isipokuwa hiyo asilimia 100. Kupanua ext4 ni kazi ya sekunde chache, lakini kuipunguza kunalazimu uitoe kwanza kwenye matumizi, jambo ambalo kwa mzizi ni usumbufu mkubwa. Na kama ni XFS, aina nyingine ya mfumo wa faili, usitegemee kuipunguza kabisa. Mimi ningetumia -L +25G, nikaacha zinazobaki kwa mahitaji yatakayojitokeza.

Nakusihi pia jambo moja, mkuu: usifute chochote ndani ya folda ya pg_wal kwa kutafuta nafasi, hata kama faili zake zinaonekana kama kumbukumbu za zamani. PostgreSQL huzitegemea kurejesha hifadhidata katika hali sahihi, na ukizifuta unaweza usiwashe hifadhidata hiyo tena.

Mleta mada

Nashukuru sana wakuu. Nimenakili VDI, nikafuata hatua zote kwa +25G. Sasa df -h inaonyesha 36G, na programu inapokea mauzo. Swali la mwisho: nina mpango wa kuweka snapshoti (picha ya hali ya mashine kwa wakati fulani) kila wiki. Je, zitaathiri upanuzi wa baadaye?

Mchangiaji wa pili

Zitaathiri. Snapshoti ikiwepo, mashine huandika kwenye faili tofauti lililojengwa juu ya VDI ya msingi, hivyo ukipanua ile ya msingi, Ubuntu inaweza kuendelea kuona ukubwa wa zamani. Ziondoe kwanza ili ziunganishwe, ndipo upanue. Pia snapshoti hukaa kwenye diski ileile ya kompyuta mwenyeji, kwa hiyo haichukui nafasi ya nakala rudufu. Tumia pg_dump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL, kila usiku na upeleke faili lake kwenye kifaa kingine. Kama VDI yako ni ile inayokua kadiri inavyojazwa, hakikisha kompyuta mwenyeji ina nafasi ya kutosha, kwani diski yake ikijaa VirtualBox huisimamisha mashine hata kama ndani Ubuntu inaona nafasi tele.