Nimelipa Ijumaa, Jumamosi mechi imehamishiwa buke (kifurushi cha chaneli) ya juu! Watu wa Lushi (Lubumbashi), hadi lini?

Wapenda mpira, leo nimechoka. Nina chumba cha kuonyeshea mpira huku Katuba, mabenchi ya mbao, kiingilio faranga 500. Ijumaa nililipa abonema, ada ya TV ya kulipia, ya mwezi mzima. Jumamosi mechi inaanza, skrini nyeusi: chaneli hii haimo katika buke yako. Wameihamisha kimyakimya! Nikarudisha pesa za watu mmoja mmoja, hadi mtoto aliyekuja na noti iliyochanika, nikamrudishia ileile. Kumpigia ajenti: "Papa, ongeza dola 15 tu." Tu!

Na msiniambie dawa ni kuleta kampuni ya pili. Uingereza walipita njia hiyo. Tume ya Ulaya kule Brussels iliibana Ligi Kuu ya England isiiuzie kampuni moja mechi zote, na msimu wa 2007 kampuni ya TV ya Setanta wakaingia na mafungu 2 ya mechi kati ya 6, wenzao Sky wakabaki na 4. Mtazamaji akaambulia abonema mbili! Kwa sababu kila mechi ilibaki na muuzaji mmoja, na mwenye duka la pekee hupanga bei apendavyo. Ushindani ni mechi ileile kuuzwa na kampuni mbili, tatu. Mwaka 2010 Ofcom, msimamizi wa utangazaji wa Uingereza, iliwaagiza Sky wawauzie washindani wao chaneli za Sky Sports 1 na 2 kwa bei iliyowekwa. Hilo ndilo nalitaka hapa. Setilaiti ikishamwaga picha juu ya Lushi, mtazamaji mmoja zaidi hamgharimu mtu hata faranga.

Kuna watakaosema nivuke mpaka wa Kasumbalesa nichukue dekoda ya Zambia. Nilichukua. Kadi ikafungwa, eti niko nje ya eneo. Karen Murphy, mama mwenye baa kule Portsmouth, alishtakiwa kwa kutumia kadi ya Ugiriki. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kukataza kadi za nchi nyingine za Umoja wa Ulaya kunavunja uhuru wa huduma kuvuka mipaka. Sisi mlango wetu wa kubisha uko wapi?

Na mechi za Leopards, timu yetu ya taifa, zisifungiwe kabisa kwa wanaolipia. Sheria ya Uingereza ya 1996 inazuia fainali za Kombe la Dunia kubaki kwa wanaolipia peke yao, na kule watu wana pesa kutuzidi.

Mwenye risiti ya kuhamishiwa mechi katikati ya mwezi aiweke hapa chini, tarehe ionekane. Nazikusanya, tuzipeleke pamoja.